Jitu la buluu-nyeupe: vipimo vya Spica hupatikanaje, na mbona vitabu havikubaliani?

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari moja wilayani Kongwa. Klabu yetu ya sayansi imekuwa ikiitazama nyota Spica kiangazi hiki. Kitabu kimoja kinasema masi yake ni 10.9 ya Jua na nusukipenyo mara 8.1, kingine kinasema 11.4 na 7.5. Wanafunzi wananibana: nani alifika huko na kipimajoto? Buluu inakuwaje moto zaidi wakati bomba lenye alama ya buluu ni la maji baridi? Na inaitwaje jitu nyota ambayo ni mara saba tu ya Jua, ilhali Betelgeuse ni mamia ya mara? Kuna lolote tunaloweza kupima wenyewe bila darubini?

JIBU: Mwalimu, vitabu vyako vyote viwili viko sawa, ila havikuanza na umbali mmoja. Namba za nyota zinashikana. Ukigusa moja, nyingine zinatikisika. Tutaona hapo mbele ni ipi iliyoguswa. Kwanza tuhakikishe klabu yako inatazama nyota hiyohiyo tunayoizungumzia.

Spica ndiyo inayong'aa kuliko zote katika kundinyota la Mashuke. Iko nyuzi 11 kusini mwa ikweta ya anga, na Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta ya dunia, kwa hiyo ikifika kileleni inakuwa karibu kabisa na utosi, imeinamia kusini kwa nyuzi 5 tu. Kwa saa zetu inafika hapo karibu saa nne na nusu usiku katikati ya Mei, saa mbili na nusu kasoro katikati ya Juni, na Julai mosi ni kama saa moja na dakika ishirini, giza likiwa ndiyo kwanza linashika. Vitabu vya Ulaya huelekeza uanze na mkia wa Dubu Mkubwa. Ukiwa Kongwa huyo Dubu amelala chini upande wa kaskazini, na mara nyingi kilima au vumbi humfunika. Rahisi zaidi ni kuanzia kusini. Subiri Msalaba wa Kusini usimame wima, kama nyuzi 36 juu ya upeo, kisha ongeza muda wa dakika 55 na uinue uso juu moja kwa moja. Upande wa kusini-magharibi wa Spica kuna nyota nne zilizokaa kama trapeza iliyopinda: hilo ni kundinyota la Kunguru, na zile mbili za upande wake wa kaskazini zinanyooka kuelekea Spica. Angalizo moja: Spica iko nyuzi 2 tu kutoka njia ya Jua angani, hivyo Mirihi, Mshtarii na Zohali hupita jirani yake. Ukiona hapo kitu angavu ambacho hakimo kwenye ramani ya nyota, hiyo ni sayari.

Sasa joto. Alama ya buluu kwenye bomba ni makubaliano ya mafundi tu. Haina uhusiano na fizikia. Kitu chochote kizito kinachowaka chenyewe hutoa mwanga wa mawimbi ya kila urefu, lakini kadiri kinavyopata joto ndivyo kilele cha mwanga huo kinavyohamia kwenye mawimbi mafupi, yaani kuelekea buluu. Kanuni ni ya Wien: gawanya 2,898,000 kwa jotoridi katika kelvini, utapata urefu wa wimbi la kilele katika nanomita. Antares, ile nyekundu ya kundinyota la Nge inayochomoza mashariki jioni hizo hizo, ina uso wa karibu kelvini 3,600. Kilele kiko 805, nje ya mwanga unaoonekana, upande wa infraredi. Jua, kelvini 5,772, linapata 502. Spica kubwa (tutaona kwa nini tunasema kubwa), kelvini 25,300, inapata 115. Hapo tumeshatoka kwenye mwanga unaoonekana kwa upande wa pili, tumeingia ndani kabisa ya urujuanimno.

Mwanafunzi makini atauliza: basi mbona haionekani ya urujuani? Kwa sababu jicho halioni kilele; linaona kipande cha mawimbi ya 400 hadi 700 hivi, na kwa nyota ya namna hii kipande hicho ni mteremko tu ulio mbali na kilele. Mteremko huo una buluu nyingi kuliko nyekundu, lakini nyekundu na kijani bado zimo, na mchanganyiko wake ni nyeupe yenye ubuluu. Hata ukichukua nyota ya kelvini 100,000, umbo la mteremko huo halibadiliki sana, hivyo rangi haiendi mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana usitarajie kuona buluu ya sare ya shule. Zile picha za nyota za buluu kali zimeongezwa rangi.

Jaribio la kufanya darasani halihitaji nyota. Tafuta balbu ya volti 12, wati 5, ya taa ya nyuma ya pikipiki, lakini iwe ya uzi. Ukipewa ya LED haitafaa, kwa sababu rangi ya LED haitokani na joto. Chukua betri kubwa za redio za volti 1.5 kama nane hivi na multimita. Pima kwanza ukinzani wa balbu ikiwa baridi. Hapa ndipo wengi huharibu: ukinzani wa baridi ni omu mbili au tatu tu, na nyaya za multimita zenyewe zina kama 0.3, kwa hiyo gusanisha ncha za multimita kwanza, soma, na toa hiyo namba. Kisha washa kwa betri mbili, halafu nne, halafu sita, halafu nane. Kila mara pima volti kwenye miguu ya balbu yenyewe, si kwenye betri, na ampea kupitia tundu la 10 A. Ukiiweka kwenye tundu la miliampea, fyuzi ya multimita itakatika mara tu unapowasha, maana uzi baridi hunywa mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Gawanya volti kwa ampea upate ukinzani wa moto, gawanya huo kwa ukinzani wa baridi, pandisha jibu kwa kipeo 0.83, zidisha kwa 300. Hilo ni jotoridi la uzi wa tangsteni katika kelvini, kwa usahihi unaotosha darasani. Mfano: baridi omu 2.3, kwa volti 12 mkondo ni ampea 0.417, ukinzani 28.8, uwiano 12.5, 12.5 kwa kipeo 0.83 ni 8.1, mara 300 ni kama kelvini 2,440. Kwa volti 3 mtapata karibu 1,450 na uzi utakuwa mwekundu wa machungwa, dhaifu. Wanafunzi wataona kwa macho yao wekundu ukihama kwenda manjano kadiri namba inavyopanda, na watakuwa wamepima joto la kitu ambacho hawakukigusa. Acheni balbu ipoe dakika kumi kabla ya kurudia kipimo cha baridi, vinginevyo mtapata jotoridi la chini kuliko la kweli.

Kwa nyota, rangi peke yake haitoshi, kwa sababu vumbi lililo kati yetu na nyota hupunguza buluu na kuifanya ionekane baridi kuliko ilivyo. Wanaanga hutegemea zaidi spektra: mwanga ukitawanywa, mistari myeusi hujitokeza mahali ambapo atomi za uso wa nyota zimenyonya. Katika Spica kuna mistari ya heliamu ya kawaida, kwa mfano ule wa nanomita 447.1, ambayo Jua haliioneshi kwenye spektra ya kawaida ya uso wake, kwani heliamu inahitaji joto kali kabla ya kunyonya mwanga unaoonekana. Mistari ya hidrojeni nayo ipo lakini ni hafifu kuliko ya Sirius, maana kwa joto hili sehemu kubwa ya hidrojeni imeshapoteza elektroni. Heliamu ikiwa hivi na hidrojeni hivi, jotoridi linabanwa kati ya kelvini elfu ishirini na kitu na elfu thelathini. Vipimo vya kina huleta 25,300, kwa makosa ya kama 500 huku au huku. Huo ndio msingi wa alama yake ya daraja la joto, B1. Kwa hiyo jibu la "nani alifika na kipimajoto" ni kwamba atomi za heliamu ziko hukohuko na zinafanya kazi hiyo.

Kutoka joto tunakwenda kwenye nguvu. Kila mita moja ya mraba ya uso hutoa nishati inayokua kwa kipeo cha nne cha jotoridi. Kwa Jua ni kama megawati 63, pungufu kidogo ya kituo cha Mtera ambacho ni megawati 80. Kwa Spica ni kama megawati 23,000 kwa mita moja ya mraba: ni mabwawa kumi na moja ya Julius Nyerere, kila moja la megawati 2,115, yamewekwa kwenye eneo la meza ya mwalimu.

Ili kupata nguvu ya nyota nzima unahitaji ukubwa wake, na hapa ndipo vitabu vyako vilipoachana. Katika darubini ya kawaida nyota hii ni nukta. Miaka ya 1960 huko Narrabri, Australia, Robert Hanbury Brown na wenzake walijenga vioo viwili vya kipenyo cha mita 6.5 kila kimoja, vinavyotembea juu ya reli ya duara yenye kipenyo cha mita 188, na wakalinganisha jinsi mwanga wa nyota moja unavyotikisika kwenye vioo vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo walipima upana wa nyota 32. Kwa Spica upana ni kama sehemu 0.9 ya elfu moja ya sekunde ya tao, na nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600. Pembe hiyo peke yake si ukubwa. Lazima uizidishe na umbali.

Fanyeni hesabu hii ubaoni, ni rahisi. Upana kwa sekunde za tao, zidisha kwa umbali kwa paseki (paseki moja ni kama miakanuru 3.26), unapata kipenyo katika vizio vya umbali wa Dunia na Jua. Uchambuzi wa Narrabri uliochapishwa 1971 ulipata umbali wa paseki 84, yaani miakanuru 274: 0.0009 mara 84 ni 0.0756, nusu yake ni 0.0378, gawanya kwa nusukipenyo cha Jua, 0.00465, unapata 8.1. Hicho ni kitabu chako cha kwanza. Baadaye setilaiti Hipparcos, iliyorushwa 1989, ilipima jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia inapozunguka Jua. Takwimu zake zilipochambuliwa upya mwaka 2007, umbali ukawa paseki 77 kasoro kidogo, miakanuru 250. Rudia: 0.0009 mara 77, nusu yake, gawanya kwa 0.00465. Utapata 7.5. Utafiti wa 2016, uliotumia mwanga uliopimwa na setilaiti pamoja na spektra nyingi, ulifika 7.47 kwa njia nyingine, na makosa ya 0.54. Nyota haikusinyaa, tumeisogeza karibu.

Ukishapata nusukipenyo na jotoridi, nguvu ni zidisho: 7.47 kwa mraba ni 55.8, 25,300 gawanya kwa 5,772 ni 4.383, kwa kipeo cha nne ni 369. Jumla yake ni kama mara 20,600 ya Jua. Lakini tahadhari. Mwanafunzi mwingine atatumia kipimo cha mwangaza unaoonekana, 0.97, na umbali wa paseki 77, atapata mara 2,000 tu, na mtagombana. Wote wawili wamehesabu sawa. Wa pili amehesabu mwanga unaoonekana kwa jicho, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za nishati ya nyota hii ziko kwenye urujuanimno, ambao jicho halioni na anga letu linauzuia. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa linalozaa mabishano mengi kuliko yote kuhusu nyota za buluu, na vitabu vingi havisemi kama namba yao ni ya mwanga wote au wa jicho tu. Ukikuta "mara 2,000" na "mara 20,000" kwa nyota moja ya buluu, anza kushuku hapo.

Masi ndiyo mali kubwa kuliko zote. Joto, nguvu na umri vinaifuata. Nayo haisomeki kwenye mwanga wa nyota iliyo peke yake. Bahati nzuri Spica si moja. Mwaka 1890 Hermann Carl Vogel aliona mistari ya spektra yake ikisogea huku na huku: ni nyota mbili zinazozungukana kila baada ya siku 4.0145. Ile kubwa inakwenda na kurudi kwa kama kilomita 120 kwa sekunde, ndogo kwa kama 190. Mstari wa 447.1 unahama kwa nanomita 0.18 kwa ile kubwa. Ni kidogo, lakini chombo kizuri kinaona bila shida. Nyota nzito ndiyo isiyotikisika sana, kwa hiyo uwiano wa masi ni 190 kwa 120, karibu 1.58. Umbali kati yao ni 0.131 ya umbali wa Dunia na Jua, kilomita milioni 19.6, theluthi moja tu ya umbali wa Utaridi kutoka Jua. Tumia kanuni ya tatu ya Kepler, yaani umbali kwa kipeo cha tatu gawanya kwa muda wa mzunguko kwa mraba: 0.131 kwa kipeo cha tatu ni 0.00225, siku 4.0145 ni mwaka 0.01099, kwa mraba ni 0.000121, gawanya, unapata 18.6. Hiyo ni masi ya zote mbili kwa pamoja. Igawe kwa uwiano wa 1.58: kubwa ina 11.4, ndogo 7.2.

Na 10.9 ya kitabu cha kwanza? Kasi tunazopima ni zile za kuja kwetu na kuondoka tu. Ili kupata kasi halisi lazima ujue mzunguko umelala kwa pembe gani, na masi inategemea sine ya pembe hiyo kwa kipeo cha tatu. Waliotumia nyuzi 66 na waliotumia 63 watatofautiana kwa asilimia kama 8. Isitoshe, mistari ya nyota hizi ni mipana kwa sababu nyota kubwa inajizungusha: ikwetani uso wake unakwenda zaidi ya kilomita 165 kwa sekunde, wakati Jua ni 2 tu. Mistari mipana ya nyota mbili ikipishana, kuamua katikati ya kila mmoja kunahitaji hukumu ya mtu. Kipimo cha 2016 chenyewe kinakuja na makosa ya 1.15 huku au huku. Kwa hiyo 10.9 na 11.4 hazipingani hata kidogo. Ungekuwa mtihani tungetoa alama kwa zote mbili. Darasani andikeni masi 11, nusukipenyo 7.5, jotoridi 25,000, nguvu 20,000, umbali miakanuru 250, na mwambie kila mtoto asiongeze tarakimu ambazo hana.

Kujizungusha huko, pamoja na mvuto wa mwenzake aliye karibu, kumezifanya nyota zote mbili zisiwe duara kamili. Zimevutika kama yai. Zinapozungukana tunaona mara upande mpana, mara ncha, na mwangaza unapanda na kushuka kwa asilimia chache kila siku mbili. Kwa jicho hamtaona. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba nyota kubwa ilikuwa ikipumua, ikitanuka na kusinyaa kila baada ya saa nne na dakika kumi hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupumua huko kukafifia hadi kukawa kugumu kupima. Mwelekeo wa mhimili wake unayumba kutokana na mwenzake, na hilo ni moja ya maelezo yanayotolewa.

Sasa hilo la jitu. Wanafunzi wako wanafikiria urefu kwa futi, lakini wanaanga hugawa kwa namba za Kirumi kulingana na hali ya uso: I ni majitu makuu kama Betelgeuse, III ni majitu, V ni nyota za kawaida zinazounguza hidrojeni kiinini kama Jua. Jitu hulinganishwa na nyota za joto lake, si na Jua wala na majitu mekundu. Alama inayotazamwa ni upana wa mistari ya hidrojeni. Nyota ndogo yenye uso uliobanwa, atomi zake zinasukumana na umeme wa chembe jirani unapanua mistari. Nyota ikitanuka, mvuto wa usoni unapungua, gesi inakuwa nyembamba, mistari nayo inakonda. Mvuto kwenye uso wa Spica kubwa ni 274 mara 11.4 gawanya kwa 55.8, kama mita 56 kwa sekunde mraba, moja ya tano ya ule wa Jua ingawa masi yake ni mara kumi na moja. Wastani wa msongamano wake ni kilo 39 kwa mita ya ujazo. Maji ni 1,000. Hata hivyo, kwa kuwa mzunguko wake unapanua mistari hiyohiyo, kuna orodha zinazoiweka III, nyingine IV, yaani nusu-jitu. Sisi tungesema ni nyota inayomaliza utu uzima wake, na tusigombanie namba.

Iko hatua hiyo mapema kwa sababu ya masi. Kiini chake kina joto linalofanya hidrojeni iungane kuwa heliamu kwa kupitia kaboni, nitrojeni na oksijeni, njia ambayo huongezeka kasi mno joto likipanda kidogo. Wenye hesabu watasema: mafuta mara 11.4, matumizi mara 20,600, Jua huishi miaka bilioni 10, basi hii miaka milioni 5.5. Lakini umri wake unakadiriwa kuwa milioni 12.5 tayari! Hesabu imekosea mahali pawili. Nyota ilipokuwa changa haikuwa na nguvu hii, imepanda nayo. Pia kiini cha nyota nzito kinachemka na kujichanganya, kikivuta hidrojeni mpya kutoka sehemu kubwa ya nyota, wakati Jua linatumia kama moja ya kumi tu ya hidrojeni yake katika kipindi hicho. Ikiisha, itatanuka kuwa jitu kuu, na kwa kuwa ina masi zaidi ya 8 ya Jua itaishia supanova. Wakiuliza kama tutaungua, waambie miakanuru 250 ni mbali vya kutosha.

Mkitaka kuilinganisha na nyingine ya aina yake usiku uleule, tazameni kusini. Baada ya Msalaba kuinama magharibi, nyota mbili angavu zinaufuata zikiwa zimeachana kwa nyuzi 4 na kidogo. Iliyo karibu na Msalaba ni Hadar, jitu la buluu-nyeupe la daraja la B1 III, kama miakanuru 390 kutoka hapa. Ya nyuma yake ni Alfa Centauri, ya manjano, ndugu wa Jua kwa rangi na joto, umbali wa miakanuru 4.4 tu. Hazipishani sana kwa mwangaza, ingawa moja iko mbali karibu mara tisini zaidi. Hapo mwanafunzi anaona nguvu ya nyota ya B bila kikokotoo.

Rangi mnaweza kuipiga kwa simu yenye hali ya Pro. Weka simu kwenye stendi au iegemeze kwenye tofali, tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise, ISO 400, sekunde 4, na mizani ya nyeupe iwekwe kwa mkono kwenye 5,200. Ukiiacha otomatiki, simu itasawazisha kila kitu kiwe cheupe. Kisha haribu fokasi makusudi mpaka nyota iwe kiduara kidogo. Hii ndiyo siri yenyewe: nyota yenye fokasi kali hujaza kihisio cha kamera katikati na kutoka nyeupe tupu, hata kama ni ya buluu au nyekundu, lakini kiduara hutawanya mwanga na rangi hubaki. Piga Spica, Alfa Centauri na Antares kwa mipangilio ileile. Picha ikitoka nyeupe bado, punguza ISO hadi 200 kabla ya kugusa kingine chochote. Subirini Antares ipande nyuzi 40 au zaidi, maana ikiwa chini vumbi la kiangazi litaizidishia wekundu, nanyi mtakuwa mmepima vumbi la Kongwa badala ya nyota.